Nyota za Vitenge kwa Mti wa Krismasi: Kwa Nini Ncha Hazikutani

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Pasua, Moshi. Mabaki ya vitenge yamejaa gunia zima, nikaona nitengeneze mapambo ya mti wa Krismasi, zile nyota za duara zinazopangwa pembetatu za kukunja. Nimeshona kadhaa ila katikati panabaki tundu, mikunjo inafunguka baada ya siku chache, na nikifika ukingoni cherehani inagoma na sindano zinavunjika. Nikizipatia nataka niuze Desemba watu wakirudi nyumbani, na kwa wageni wa mlimani pia. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeniletea matatizo matatu, na mawili ya kwanza yanaanza kabla hujatunga uzi kwenye sindano. Yanaanzia mezani pa kukatia na kwenye pasi. Pambo la kukunja ni kazi ya pasi. Uzi unakuja kushikilia kile ambacho pasi imeshakiamua. Sisi mafundi wa nguo linatusumbua kwa sababu nguo inasamehe: kipande kikipungua kidogo unakivuta kwenye mshono, kinakaa, mteja anavaa anaenda zake. Nyota haina pa kuvutia. Upungufu wa uzi mmoja kwenye kila kipande unakwenda kujumlika katikati, pale pale jicho linapotazama kwanza.

Kwa kuwa sijui wewe unaipangaje, nitaieleza kama ninavyoifundisha huku Arusha, halafu utaona unapotofautiana nami. Mtindo huu Waingereza wanauita kwa jina la jimbo lao la Somerset, na Wamarekani wanatumia pembetatu hizo hizo kupamba kingo za mablanketi yao ya viraka. Kinachohitajika ni miraba ya inchi 3 kwa 3, kumi na miwili kwa nyota moja, na kitambaa cha kushonea juu yake cha inchi 5 kwa 5. Hicho cha chini kiwe amerikani au popilini nyeupe, usiharibu kitenge kizuri mahali pasipoonekana.

Kunja mraba katikati upate mstatili, mkunjo ukiwa juu. Shika pembe mbili za juu, zishushe zikutane katikati ya ukingo wa chini. Umepata pembetatu yenye ncha ya pembe mraba, urefu wa inchi moja na nusu, na kingo zote mbichi ziko chini. Nne za hizi, ncha zikigusana, zinajaza duara lote bila kubakiza wala kuzidi. Hiyo ndiyo duru ya kwanza. Duru ya pili ni pembetatu nane, ncha zake zikirudi nyuma nusu inchi kutoka katikati: nne zinalala juu ya nne za kwanza, nne nyingine zinakaa katikati yake. Kisha unakata duara la kipenyo cha inchi 3 na nusu, unafunga ukingo. Wengine wanaongeza duru ya tatu. Kwa pambo la mti mimi siipendi, linakuwa zito na tawi linainama. Duru ya tatu iache kwa vitambaa vya kuwekea vikombe.

Sasa tundu.

Ukikata kutoka kwenye mabaki, nakisia unafuata maua ya kitenge. Unaona mistari ya nakshi imenyooka, unaweka rula, unakata. Nakshi inadanganya. Kwenye vitenge vingi imepigwa ikiwa imelala upande kidogo kuliko nyuzi zenyewe, na mraba uliokatwa kwa kufuata nakshi unakuwa umekwenda mshazari bila wewe kujua. Ukiukunja, upande mmoja unanyumbuka kuliko mwingine, ncha inahama. Fuata nyuzi. Njia rahisi kuliko zote ni kuchana: weka alama kwa chaki, kata kwa mkasi kama nusu inchi tu, kisha shika pande mbili uchane kwa mkupuo mmoja. Pamba inachanika sawasawa na uzi wake. Ukingo utatoka umejikunjakunja na wenye manyoya, upige pasi ukae, punguza manyoya, na kuanzia hapo una mstari mmoja wa kuaminika. Huo wa pili na wa tatu utaupata kwa rula ya pembe mraba. Kipande cha mabaki ambacho kimeshakatwa mshazari kwenye kola au kwapa, kisichokupa hata ukingo mmoja wa uzi, kiweke pembeni utajazia mito.

Kata pia kigezo cha kadibodi ngumu, la boksi la viatu linafaa, inchi 3 kamili, na ukibadilishe kila pembe zinapoanza kulika. Kuchorea mraba juu ya mraba uliokwisha kukatwa ni kuzalisha makosa, kila mmoja unatoka mkubwa kidogo kuliko uliotangulia.

Jambo la pili kuhusu tundu ni unapoanzia kushikiza. Karibu kila anayekuja kwangu anapanga pembetatu kwa kutazama kingo za nje zikae sawa, halafu anashangaa ncha zimeachana. Anza na ncha. Chukua kile kitambaa cha chini, kikunje nne, kipige pasi, kikunjue, kisha kikunje kona kwa kona pande zote mbili, pasi tena. Ukikitandaza utaona mistari minane ya pasi inayokutana katikati. Hiyo ndiyo ramani yako, haihitaji chaki. Weka pembetatu ya kwanza, ncha kwenye makutano, mstari wake wa katikati ukifuata mstari wa pasi. Toa sindano kutoka chini, pita kwenye ncha ya mkunjo, ukamate nyuzi mbili tatu tu za kitambaa, rudi chini. Pembetatu inayofuata iwe ile inayoitazama, siyo jirani yake. Kaskazini, kusini, ndipo mashariki na magharibi. Ukienda kwa mzunguko, kosa dogo la kila mmoja linasukumwa kwa jirani na la nne linakosa nafasi. Baada ya ncha zote nne kukaa, ndipo upige bandi, yaani mishono mirefu ya kushikizia tu, kwenye kingo za nje.

Kama bado pamebaki tundu la kichwa cha pini, weka shanga moja ndogo. Hakuna aibu, na kwa wageni shanga inapandisha bei. Lakini ukiona unahitaji shanga tano kuziba, rudi kwenye kukata.

Mikunjo kufunguka kunaniambia kwamba kwenye gunia lako pamba na polista zimechanganyika. Siku hizi kitenge kizuri kwa macho kinaweza kuwa polista tupu, na muuzaji mwenyewe asijue. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano, ziwashe juu ya sahani. Pamba inawaka kwa kasi, inanuka kama karatasi iliyoungua, na inabaki jivu laini linalosagika kwa vidole. Polista inajikunyata, inayeyuka, inaacha tone gumu jeusi (usiliguse mapema, linaunguza). Hata bila kiberiti, finya kipande ndani ya ngumi, hesabu hadi kumi, fungua. Kilichobaki na makunyanzi ndicho cha nyota. Kinachoruka na kurudi kama hakikuguswa, hata ukikipiga pasi mpaka jioni, mkunjo wake ni wa kuazima.

Kanga ni nzuri sana kwa kazi hii, hasa duru ya kwanza, kwa sababu ni nyepesi na inakunjika kwa wembe. Tumia mji au pindo. Sehemu yenye maandishi iepuke, maana ukikunja zinabaki herufi mbili tatu zilizokatika na kila mteja atakaa anajaribu kuzisoma. Shuka la Kimaasai wageni wanalitamani, najua, lakini nyingi zinazouzwa leo ni akriliki, nene, na zinayeyuka chini ya pasi ya moto. Wakilitaka sana wape kwenye mgongo wa pambo, kipande kimoja bapa.

Kuhusu kufua: kwa nguo nitakuambia fua kitenge kwanza kabla ya kukata. Kwa nyota nakuambia kinyume. Kitenge kipya kina ule ugumu wa kiwandani na huo ndio unaoushika mkunjo. Pambo halitafuliwa, kwa hiyo uache. Kilichofuliwa au kilichotoka kwenye nguo ya zamani ndicho kinachohitaji wanga. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo kwenye maji kidogo ya baridi, mimina ndani ya nusu lita ya maji yanayochemka, koroga mpaka kiwe uji mwepesi unaopitisha mwanga, chuja kwa kitambaa. Loweka, kamua, anika kivulini, na upige pasi kikiwa bado na unyevunyevu. Uji ukiwa mzito utaona madoa meupe kwenye rangi za giza kama bluu na zambarau. Nyekundu ziloweshe peke yake, zinachuja rangi.

Pasi yenyewe: ibonyeze, usiiburute. Ukiburuta kwenye pembetatu unaisukuma ncha upande mmoja na kazi yote ya kuchana kitambaa imepotea. Bonyeza, hesabu mpaka tano, inua, na uiache pembetatu ilale mahali pamoja mpaka ipoe. Mkunjo unashika wakati wa kupoa, na hapa ndipo haraka inapotuponza: tunainua kikiwa cha moto, tunarusha kwenye kikapu, kinafunguka chenyewe. Mimi nazipanga chini ya kipande cha ubao chenye kitu kizito juu, nikitoa mzigo wa chini ndipo naweka wa moto. Anayetumia pasi ya mkaa aweke kitambaa cha pamba chenye unyevu juu ya kazi, majivu yasidondoke.

Halafu kumbuka unakoishi. Desemba vuli bado haijamaliza safari zake, na pambo lako linaweza kwenda kutundikwa Kibosho au Marangu ambako ukungu unaingia hadi sebuleni. Unyevu unalegeza mkunjo wa pasi, hata wa pamba nzuri. Ndiyo maana kila ncha ninaishikiza kwa uzi, na zile nane za duru ya pili pia, ingawa nimeona wanaozishika kwa gundi. Gundi ya moto inaacha uvimbe unaong'aa na ikipata joto la gari lililoegeshwa juani inaachia.

Cherehani kugoma tutaimaliza kwa hesabu. Kila pembetatu ina tabaka nne za kitambaa. Ukizunguka ukingo wa nyota yako, mahali pengine unakuta pembetatu moja na kitambaa cha chini, tabaka 5. Hatua moja mbele pembetatu mbili za duru ya pili zimelaliana, tabaka 9. Mbele kidogo, pembe ya duru ya kwanza imejichomeka chini yake, tabaka 13. Na hujaweka ukanda wa kufungia. Mguu wa cherehani unapanda na kushuka kila nusu inchi, sindano inapinda, inagonga bamba la chuma, inakatika. Sindano haina kosa.

Dawa ni kuondoa zile tabaka 4 zisizo na kazi. Ukimaliza kushikiza ncha za duru ya kwanza, chora duara la inchi moja na robo kutoka katikati, piga bandi ndani yake karibu kabisa na mstari, kata kila kinachozidi. Usiogope, duru ya pili inafunika kote huko. Sehemu ya duru ya kwanza inayoonekana mwishoni haifiki inchi moja kutoka katikati. Sasa ukingoni hutakutana na zaidi ya tabaka 9. Pembe zilizozidi za duru ya pili nazo zikate mapema ukishapiga bandi, usisubiri ukanda.

Kwa unene huo weka sindano namba 16, uzi wa polista, mshono mrefu kidogo. Kama una cherehani ya miguu, Singer au Butterfly ya zamani, una bahati kuliko mwenye ya umeme ya plastiki: ukifika kwenye mlima, toa miguu kwenye pedali, zungusha gurudumu kwa mkono, mshono kwa mshono. Ukanda wa kufungia ukate mshazari ili upinde kwenye duara, upana wa inchi moja na robo unatosha, na uwe kitambaa chembamba cha rangi moja. Shona upande wa mbele kwa mashine, geuzia nyuma, malizia kwa mkono. Mimi ukingo wote naushona kwa mkono. Napoteza muda, lakini mashine inabonyeza mikunjo ikalala, na nyota iliyolala ni duara tu lenye rangi.

Kabla ya kufunga ukanda, mgongo. Hili hukuuliza, lakini pambo likining'inia linageuka kwa upepo mdogo tu, na nusu ya muda watu wanaona nyuma yake. Bandi zako zote ziko pale. Kata duara la kitenge, weka katikati yake na nyota kipande cha kadibodi nyembamba kilichopungua robo inchi pande zote, ndipo ufunge. Kitanzi kiingie ndani ya mshono kabla hujafunga, kisigandishwe baadaye, na kiwe juu ya ncha mojawapo ya nyota, vinginevyo itaning'inia imepinda shingo.

Ukitaka kitu chepesi cha kuanzia mauzo huku ukizoesha mkono, kuna ule mti mdogo wa nusu duara: vitenge viwili vya rangi tofauti, nusu duara la inchi 6 toka katikati hadi ukingo, uso kwa uso, unashona pande zote ukiacha tundu la kugeuzia, unageuza, pasi, kisha unakunja kwenda na kurudi kama kipepeo cha ukili na kushikiza kwa shanga. Kijani cha isale, ule mmea wa uchagani, kwa nje na chochote chenye njano kwa ndani. Ni wa haraka, na kasoro zake hazionekani sana. Nyota ndiyo inayoonyesha ufundi.

Biashara sasa. Wateja wako wawili hawafanani. Wanaorudi uchagani kutoka Dar wanataka Krismasi inayoonekana Krismasi: nyekundu, dhahabu, nyeupe, na wananunua kwa dazeni ili mti wa sebuleni ujae. Hao wanaanza kumiminika katikati ya Desemba, na wakishafika mawazo yao yako kwenye mbuzi na ndizi, kwa hiyo oda zao zitafute mapema kwa simu, Oktoba au Novemba. Mgeni wa mlimani nyekundu na kijani anazo kwao madukani. Kwako anatafuta kitenge kinachojieleza, bluu na chungwa, macho ya tausi, chochote ambacho hatakikuta akirudi. Tena ananunua mwaka mzima, hata Julai, maana pambo bapa halijazi begi wala halivunjiki. Mpangie matatu tofauti kwenye bahasha ya kaki, uandike nje kwa mkono ni pamba na imeshonwa Moshi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na wageni wengi wameshaonywa kabla ya kusafiri, bahasha inawafurahisha.

Bei sitakupangia, ila usiseme kitambaa ni cha bure kwa kuwa ni mabaki. Nusu yadi ya kitenge inatoa safu 6 za miraba 14, yaani miraba 84, nyota 7. Gawanya bei ya nusu yadi kwa 7 upate gharama ya kitambaa, ongeza uzi, ukanda na bahasha, halafu shika saa ukutani uone nyota moja inakula muda gani kuanzia kukata hadi kitanzi. Muda huo ulinganishe na unacholipwa kwa kupandisha pindo za suruali. Kama nyota inakulipa pungufu ya pindo, ama ongeza bei ama shona pindo. Na usijilinganishe na mpira wa kung'aa wa dukani, huwezi kushindana nao kwa bei na hupaswi kujaribu.

Zitakazobaki Januari usiziweke chini ya kitanda na nguo. Mende na panya wanaupenda wanga kuliko wewe. Weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko, karatasi kavu kati ya safu na safu, na mwezi wa sita zitoe zipate hewa kivulini. Kabla ya hapo nitumie picha ya nyota moja, mbele na nyuma, uliyokata kwa kuchana. Nyuma ndiyo nitakayoitazama kwanza.